Paka Watatu na Biskuti ya Pili

Jumatatu, 10 Juni

Hali ni mbaya. Paka watatu wanalala kwenye karavani yangu. Yangu! Kibanda changu cha magurudumu, nilichokinunua kwa jasho la miaka ya kufungua na kufunga malango ya maji ya mfereji. Kila kiangazi nakifunga nyuma ya gari na kukivuta hadi kambi ya ziwani, Drenthe. Sasa kuna dume la rangi ya chungwa limelala kwenye mto wangu.

Geeske, mke wangu, aliwaokota mwezi wa tatu nyuma ya ghala la viazi. Dume tunamwita Meya, kwa sababu ana kitambi, ana sikio moja, na hajawahi kumshukuru mtu. Wengine wawili ni majike, ndugu wa tumbo moja, Trijn na Saar. Daktari wa mifugo aliwapima damu. Wote wana virusi vinavyodhoofisha kinga ya mwili wa paka. Binadamu hawaambukizwi. Dawa ya kuviondoa haipo. Paka anaweza kuishi navyo miaka mingi, mradi abaki ndani, asipigane, asichanganyike na paka wazima. Na sisi tuna paka mzima, Bibi Kee, anayetawala nyumba. Basi wagonjwa wakapewa karavani. Sikuulizwa.

Leo Geeske amepitisha sheria. Alikuwa anamenya viazi, hata hakugeuka. Karavani haitoki uani mpaka kila paka apate kwake. Nikamkumbusha kwamba tunaondoka Jumamosi ya tarehe 22. Akasema kalenda anaijua. Nikamkumbusha habari ya nafasi yetu kambini. Akasema nafasi haihitaji mtu wa kuihurumia, paka wanahitaji.

Hajui anachosema! Nafasi ile ina kivuli mchana, bomba la maji liko karibu, na ukifungua mlango unaona ziwa lote. Kule hakuna kuwekewa nafasi mapema. Anayefika wa kwanza ndiye mwenyewe. Na kila mwaka ni vita kati yangu na Evert.

Evert ni jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Leo alikuwa anaosha karavani yake kwa sifongo. Aliponiona namtazama, akaosha polepole zaidi. Akapaza sauti, "Jirani, mwaka huu usijisumbue kukimbia. Nitakuwekea kiti, uje unitembelee!" Akacheka. Mkewe Aaltje alifariki majira ya baridi, kwa hiyo siku hizi hana wa kumwambia anyamaze.

Lazima paka waondoke.

Jumatano, 12 Juni

Nimepata mpango. Dirisha!

Hapa kijijini Eenwierde hakuna anayefunga pazia. Ukifunga, watu watajiuliza unaficha nini. Jioni kijiji kizima hutoka kutembea na kuchungulia sebule za wenzao, huku kikijifanya kinaangalia mawingu. Duka gani lina wateja wengi hivyo?

Geeske alipokwenda kwaya, nikamweka Meya dirishani, katikati ya vyungu vyetu viwili vya maua meupe. Nikamvisha tai yangu ya kipepeo niliyofungia ndoa. Aliniuma mara mbili, lakini alipendeza.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri mno. Watu walisimama. Mtoto mmoja alipunga mkono. Mwalimu mkuu akaja na familia yake yote, wakatabasamu. Ndipo Meya akageuka, akainua mguu juu kabisa, akaanza kujisafisha chini ya mkia. Hakuwa na haraka. Familia ya mwalimu mkuu ikavuka barabara.

Aliyegonga kengele ni mmoja tu: Fenna, binti anayeuza mkate. Akauliza, "Mjomba Lubbert, paka mzuri hivi mbona hatumwoni nje?" Nikamwambia ni msomi. Ningefika mbali, lakini Geeske akatokea na baiskeli yake. Hata hajashuka vizuri, akaanza kumwaga kila kitu palepale mlangoni: virusi, kinga, kwamba haponi, kwamba hatakiwi kutoka nje maisha yake yote, na kwamba ana wenzake wawili.

Fenna akauliza kama kweli hawahitaji bustani. Akasema yeye anaishi ghorofani, juu ya duka la mkate, ghorofa ya tatu, ua hana. Nikaona anatupotezea muda. Nikamwambia kwa upole kwamba mtu asiye na bustani afuge samaki. Akashukuru, akaenda zake. Geeske alinitazama kwa muda mrefu.

Tukagombana. Yeye anasema ukweli wote usemwe mapema, kabla mgeni hajavua koti. Eti mficha maradhi kifo humuumbua. Nikamwambia methali hiyo ni ya watu. Paka hawana aibu. Amuulize mwalimu mkuu.

Ijumaa, 14 Juni

Mpango wa pili. Huu ni wa akili zaidi. Mkono mtupu haulambwi.

Nilimwalika Mchungaji Sikkema kahawa ya saa nne. Mtu mpole, nyumba yake ina vyumba sita, na moyo wake haujui kusema hapana. Hesabu yangu ilikuwa rahisi. Nimkarimu kupita kiasi, ajione ana deni, kisha nimletee habari ya Meya taratibu, kipande kwa kipande, nikianzia na manyoya.

Nikamimina kahawa. Nikafungua mkebe wa biskuti. Akachukua moja. Hapo ndipo, kama watu wote waliolelewa vizuri tangu enzi za babu, nilitakiwa kufunga mkebe. Sikufunga! Nikausogeza tena mbele yake. Nikasema, "Mchungaji, chukua nyingine."

Akabaki ametumbua macho. Akaangalia mkebe. Akaangalia uso wangu. Akaweka kikombe chini na kuniuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Nikasema hakuna aliyefariki. Nikacheka kidogo. Nikasisitiza achukue biskuti. Nafikiri hapo ndipo nilipokosea, maana alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili na kuniuliza madaktari wamenipa muda gani.

Nilijaribu kumrudisha kwenye manyoya. Nikasema nina jambo zito moyoni, kuna viumbe watatu ninaotaka wapate mahali kabla sijaondoka. Nilimaanisha kuondoka kwenda Drenthe! Akalia. Akaomba dua ndefu. Biskuti ya pili hakuigusa. Aliifunga kwenye leso, eti ataitunza.

Geeske alikuwa kwa daktari wa mifugo na Trijn, hakusikia chochote. Sikuona sababu ya kumchosha.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani. Mchungaji ameniombea. Kwa jina! Mbele ya watu wote! "Ndugu yetu Lubbert, katika siku zake zilizobaki." Geeske hakuwepo, Jumapili ndiyo siku ya kusafisha karavani. Nilisimama ili nisahihishe. Watu wakadhani nimesimama kwa ujasiri. Kina mama wawili wakatoa leso.

Nikakaa. Kuna wakati mtu hujua kwamba maelezo yatazidisha fujo.

Nilipofika nyumbani, sufuria ya supu ya dengu za kijani ilikuwa mlangoni. Ya pili ikaja baada ya chakula. Supu ile ni ya baridi kali, ya kusimamisha kijiko, na leo jua lilikuwa linachoma paa. Geeske akauliza kumetokea nini. Nikasema nadhani watu wamelima dengu nyingi mwaka huu.

Nimewaza sana. Mtu anayedhaniwa anakufa hanyimwi kitu. Hiyo ni kanuni ya dunia. Je, ni lazima mimi nikimbilie kuwatoa watu kwenye hisia nzuri? Ukweli una haraka gani?

Jumatatu, 17 Juni

Evert ana njama.

Leo asubuhi nilimkuta anaosha karavani YANGU. Kwa sifongo yake. Meya alikuwa dirishani anamtazama kwa ndani, na Evert alikuwa anaongea naye. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema si kitu, madirisha yalikuwa na vumbi. Hakunitania. Hata neno moja! Nikamchokoza mimi. Nikamwambia karavani yake ina umbo la kabati la nguo. Akasema, "Ndiyo, Lubbert. Kweli kabisa."

Kisha akasema jambo ambalo limeninyima raha siku nzima. Eti mwaka huu hatashindania nafasi. Nichukue mimi. Ataegesha kando ya vyoo, yeye hajali.

Kando ya vyoo! Evert! Mtu ambaye mwaka juzi aliondoka alfajiri na nguo za kulalia ili anitangulie! Anataka nilegee, kisha apite. Namjua.

Lakini alipogeuka kwenda kwake alisahau ndoo yake, na macho yake yalikuwa mekundu. Nadhani ni sabuni.

Jumatano, 19 Juni

Siku zinakwisha. Supu ni saba. Paka ni watatu bado.

Mpango wa mwisho, na ndio mkubwa kuliko yote. Nimekodi korongo.

Ndege korongo wa mbao, ana urefu wa mtu, mdomoni amebeba kitambaa cheupe cha kubebea mtoto. Huku kwetu anasimamishwa bustanini mtoto anapozaliwa, na kibao cha majina chini yake. Mtaa mzima ukimwona korongo, mtaa mzima unakuja. Hiyo haina mjadala. Wanakuja na zawadi, wanakula mkate mkavu wa mviringo wenye siagi na vipunje vya sukari juu yake, kisha wanaonyeshwa mtoto na wanasema ni mzuri. Lazima waseme. Hakuna aliyewahi kutazama mtoto wa watu na kusema vinginevyo.

Sasa fikiria! Mtu ameshakula siagi yangu. Amesema mbele ya mashahidi kwamba ni mzuri. Nikimwekea paka mikononi wakati huo, atatokea wapi?

Kibao nimekiandika mwenyewe: TUMEJALIWA! MEYA, TRIJN NA SAAR. KARIBUNI SAA NNE. Sijaandika kwamba ni watoto. Mtu akifikiria watoto, hayo ni yake.

Kesho asubuhi Geeske anapanda basi kwenda Assen kwa dada yake. Mungu ni mwema.

Alhamisi, 20 Juni

Naandika nimekaa chini ya ngazi. Ni mahali pekee ambapo hakuna mtu anayenitazama.

Geeske aliondoka. Nikasimamisha korongo. Nikapaka siagi. Nilitegemea watu kumi, labda kumi na watano.

Saa nne kilikuja kijiji.

Wote! Walijaa sebuleni, jikoni, kwenye korido, mpaka chooni walikuwa wanasoma kalenda yetu ya siku za kuzaliwa, ambayo huku hutundikwa humo, na kuuliza kwa nini majina mapya hayajaongezwa. Maana walikuwa wameshamaliza kutunga hadithi bila msaada wangu. Binti yetu Marijke wa Rotterdam amejifungua watatu kwa mpigo, kwa siri, na babu yao mgonjwa amejaliwa kuwaona kabla ya kufumba macho. Kuhusu jina la Meya, walisema tu kwamba vijana wa Rotterdam ndivyo walivyo siku hizi.

Kila mtu alinipongeza. Kisha wakapongezana wao kwa wao, kama ilivyo desturi yetu. Mchungaji alinikumbatia mpaka miwani yake ikaanguka kwenye siagi. Bendi ya matarumbeta ya kijiji ikajipanga chini ya dirisha. Hawakuwa na hakika wapige wimbo wa kukaribisha au wa kuaga, wakachanganya. Mpiga tuba alikuwa analia na kupuliza kwa pamoja, na hilo si jambo rahisi.

Halafu akaingia Evert. Alikuwa amevaa suti. Ile suti ya mazishi ya Aaltje. Alibeba kifurushi. Ndani yake blanketi dogo la sufu, la njano. Akaniambia polepole kwamba Aaltje alilifuma hospitalini, akasema liwekwe, ni la mjukuu wa kwanza wa Lubbert na Geeske. "Nashukuru umewahi kumwona, ndugu yangu," akasema. Akaniwekea mkono begani.

Hapo niliona aibu. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikafungua mdomo nimwambie. Kilichotoka ni, "Karibu mkate, una sukari juu."

Watu wakaanza kudai kuwaona watoto. Nikasema wamelala. Wakasema watachungulia tu. Nikasema wako kwenye karavani. Chumba kizima kikashtuka. Fenna akasema, "Mjomba Lubbert! Vichanga? Kwenye karavani?" Nikasema wamezoea.

Na Geeske akasimama mlangoni.

Hakufika Assen. Hakufika popote. Alipongezwa mara tatu kabla hata basi halijaja, na mara ya nne na dereva. Aliweka mkoba wake chini. Koti hakuvua. Akasema yote, mbele ya wote, kwa sauti ileile anayosomea risiti.

Kwamba hakuna mtoto aliyezaliwa. Marijke yuko kazini, mzima. Lubbert haumwi kitu chochote ambacho daktari angeweza kukipata. Waliopo ni paka watatu wagonjwa. Ugonjwa wao hauponi. Hauambukizi watu. Wanahitaji nyumba isiyo na paka mwingine, na mlango unaofungwa. Dume anauma. Mwenye swali aulize.

Tuba ilitoa hewa kidogo. Mchungaji akauliza, basi ile biskuti ya pili ilikuwa ya nini? Nikamsogezea mkate. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mikate bado inaweza kuliwa. Geeske akasema siagi imeshapakwa, ni dhambi kuitupa. Wakala. Hakuna aliyeondoka.

Isipokuwa Evert. Aliweka kikombe chake juu ya meza, akaja mpaka mbele yangu. "Nililia, Lubbert," akasema. "Jumapili, jikoni kwangu, nililia kwa ajili yako, mpumbavu mkubwa wewe." Akatokea mlango wa nyuma, akaelekea karavani.

Tairi zangu! Nikamkimbilia. Lakini nilipochungulia dirishani hakuwa na kisu. Alikuwa amekaa kitandani kwangu na suti yake ya msiba, na Meya alikuwa mapajani mwake. Meya! Aliyeniuma mimi, akamuuma Geeske, akamuuma daktari na mkoba wa daktari. Alikuwa amefumba macho.

Geeske akanipita na kuingia. Nilisikia yote, dirisha lile halifungi vizuri. Evert aliuliza, "Haponi?" Geeske akasema haponi. "Lakini anaweza kuishi?" Akasema anaweza, miaka, akipata utulivu na mtu wa kukaa naye. Evert akasema, "Aaltje waliniambia haponi na haishi. Huyu ana nafuu." Kisha akasema yeye mwenyewe hatoki sana siku hizi, kwa hiyo hawatasumbuana.

Akamfunga Meya kwenye blanketi la njano. Akavuka barabara. Hakuniaga.

Tuliporudi ndani, Fenna alikuwa anatusubiri na kapu la mkate. Akamwambia Geeske kwamba tangu Jumatano ya wiki iliyopita anawaza jambo moja. Siku zote amekuwa akinyimwa paka kwa sababu hana bustani, na sasa kuna paka ambao hawatakiwi kuwa na bustani. Alitaka kurudi kuuliza, lakini aliambiwa afuge samaki. Amewachukua Trijn na Saar wote wawili. Wamekaa kwenye kapu wametulia.

Nimejumlisha. Paka watatu, nyumba mbili, asubuhi moja. Nilimwambia Geeske kwamba bila korongo yasingewezekana. Alikuwa anaosha vikombe. Aliendelea kuosha vikombe.

Ijumaa, 21 Juni

Nilivuka barabara kwenda kwa Evert. Nilitaka kumwambia kitu. Nilikuwa nimekipanga vizuri njiani.

Alinifungulia. Akanipa kahawa. Biskuti hakuna. Si kwamba hana, mkebe ulikuwa rafuni, niliuona kwa macho yangu. Hata moja! Miaka yote hii ya vita, hajawahi kuninyima ile moja.

Meya alikuwa kwenye kiti cha Aaltje, juu ya blanketi. Alinitazama kama mtu asiyewahi kuniona, wakati kovu la meno yake liko kwenye kidole changu.

Evert akasema haendi Drenthe. Paka mgonjwa akihamishwa wiki ya kwanza anapata msongo, Geeske amemweleza. Nafasi ni yangu. Nikasema asante. Akasema si zawadi. Saa ya ukutani ikawa inaongea peke yake. Ndipo nikafungua mdomo nikamwambia kwamba tairi la kushoto la karavani yake limelegea. Akasema ameliona.

Nikarudi nyumbani. Sijui kile nilichokipanga kilianguka wapi.

Jumamosi, 22 Juni

USHINDI!

Tumefika wa kwanza. Kwa kweli tumefika wa kwanza kwa mbali, kambi ilikuwa bado inafagiliwa. Nafasi yangu! Kivuli, bomba, ziwa lote. Niliiegesha karavani kwa utulivu wa mfalme. Nilirudi nyuma na mbele mara kadhaa, kwa raha tu, nikiangalia kioo kama kuna mtu anakuja kwa kasi. Hakuna aliyekuja.

Geeske alifungua kiti, akafungua kitabu. Mto wangu bado unanuka paka. Nilikoroga kahawa, nikakaa, nikatazama ziwa.

Ziwa ni lilelile.

Jumatatu, 24 Juni

Jioni ya tatu. Nafasi ya pembeni, ile ambayo Evert huipata akishindwa, imechukuliwa na familia kutoka Zeeland. Watu wema. Nilimwambia baba yao kwamba nafasi yangu ni bora kuliko yake. Akasema ndiyo, hongera. Hivyo tu! Hakuna kununa, hakuna kunipimia mpaka kwa futi ya chuma. Nilisogeza kiti changu kikaingia kwake kabisa. Akanisaidia kukisogeza zaidi.

Chakula hakipandi.

Namkumbuka Evert. Haya, nimeandika.

Leo Fenna amemtumia Geeske picha ya Trijn na Saar wamelala dirishani juu ya duka, mkia kwa mkia, wateja wanawapungia kutoka chini. Evert naye ametuma ya Meya. Amemtumia Geeske, si mimi. Amemvisha tai. Imefungwa vizuri kuliko nilivyomfunga mimi, na sidhani kama aliumwa. Nimeitazama picha ile mpaka Geeske akadai simu yake.

Geeske akasema kama nimemkumbuka mtu, si nimpigie? Nimwambie hivyo tu: Evert, nimekukumbuka, nisamehe. Maneno matatu, akasema, na hakuna haja ya mbao wala siagi. Kisha akaongeza kwamba paka wale walipata nyumba siku aliposema ukweli, na kwamba hata mimi ninaweza kujifunza.

Nimelifikiria kwa haki. Naona Geeske amechanganya mambo. Ukweli aliusema, sawa, lakini nani alikuwa amewaleta wasikilizaji? Na mzee wa umri wangu atampigiaje simu mzee mwenzake aseme amemkumbuka? Atadhani nimerukwa na akili.

Hapana. Hebu tuangalie yaliyotokea kwa utulivu. Ni lini Evert alikuwa mwema kwangu kuliko wakati wowote? Ni lini aliosha madirisha yangu, akanipa nafasi, akaniita ndugu yake?

Nimepata mpango. Kesho saa nne, Geeske akienda kuogelea, nitampigia. Sitasema chochote kibaya. Nitaanza kwa kukohoa kidogo tu.